Kamba ya Boti ya Mzee Yesaya

Tangu aolewe, miaka saba sasa, Gwantwa hakuwahi kusema na baba mkwe wake uso kwa uso. Kwao Ileje mkamwana hujitenga na baba mkwe, na ingawa familia ilikwishahamia Tunduma, yeye akiwa na neno alilipitisha kwa mumewe, Tuntufye, au kwa mama mkwe, Yunisi.

Mzee Yesaya alipostaafu uwakala wa forodha alijinunulia boti ya faiba yenye injini nyuma, akaiweka Ziwa Rukwa kwa matembezi ya familia. Jumatatu ya Pasaka akawapakia wote kwenye Coaster, wakapitia Msangano, wakafika ziwani asubuhi. Walikuwa kumi na mmoja, wanne wao watoto. Majaketi okozi yalikuwa manane, yote ya watu wazima, na mzee aliyaacha garini ndani ya nailoni zake.

"Mtayachafua bure," alisema. "Tunazunguka hapo karibu, tunarudi kula."

Siku boti ilipokaguliwa, Gwantwa alikuwepo. Alimsikia mkaguzi akisema kila anayepanda awe na jaketi linalomtosha, na awe amelivaa. Mzee aliitikia, akatia sahihi.

"Mwambie baba," alimnong'oneza mumewe.

Tuntufye aliangalia pembeni. "Mama Judith, usituharibie siku."

Watoto walikuwa wameshaanza kubebwa kuingizwa botini. Gwantwa akapandisha kitenge, akaingia majini mpaka magotini, na kuichomoa kwenye injini kamba nyekundu ambayo dereva hujifunga mkononi, na ambayo bila hiyo injini haiwaki. Akaitia kifuani, ndani ya blauzi.

"Tuntufye, mwambie mkeo alete kamba," alisema mzee, bila kumtazama Gwantwa.

"Baba," Gwantwa alisema. Aliinua sauti, wote wakasikia. "Nasema na wewe mwenyewe. Watoto hawaendi hivi."

Wifi yake, Violet, alijiziba mdomo kwa kiganja. Tuntufye akamwamuru aombe radhi papo hapo. Gwantwa alikwenda garini, akachana nailoni moja kwa meno, akamvika jaketi bintiye Judith, aliyekuwa bado ufukweni, akalifunga vizuri. Judith alikuwa na miaka mitano. Kisha akalishika jaketi mabegani na kulinyanyua. Jaketi likapanda juu. Mtoto akachomoka kwa chini, akabaki amesimama mchangani akicheka.

"Hapa yuko mchangani," Gwantwa alisema. "Kule angekuwa wapi?"

Mzee alimtazama mjukuu wake. Halafu akasema boti ni yake, na hakuna mwanamke atakayemfundisha.

"Boti ni yako, baba. Mtoto ni wangu."

Aliyeanza kusogea alikuwa Yunisi. Aliinuka botini, akashuka majini na gauni lake la kanisani, akamshusha mtoto wa kwanza, kisha wa pili. Violet akamtoa wa tatu. Wakatandika mkeka na kufungua vyungu. Hakuna aliyekwenda ziwani siku hiyo. Mzee alikula peke yake ndani ya gari.

Wiki mbili Tuntufye alinuna. Kisha ukaja ujumbe: mzee anamtaka mkamwana mbele ya ukoo. Gwantwa alikwenda, akapiga magoti, akasalimu.

"Kuinua sauti mbele ya watu, hilo naliombea radhi," alisema. "Kuchukua kamba siombei. Nikikuta watoto hawajavaa, nitaichukua tena."

Minong'ono ikatambaa sebuleni. Shemeji mmoja akataka atozwe mbuzi wa faini. Mzee Yesaya alinyoosha mkono kumnyamazisha, akavuta kalamu na bahasha kutoka mfukoni. Safari hii hakumtafuta Tuntufye. Alimwelekea Gwantwa mwenyewe.

"Wanasema majaketi madogo huchaguliwa kwa kilo za mtoto," alisema. "Judith ana kilo ngapi?"

"Kumi na saba, baba."

Akaandika. "Na wale wengine?"