Jiwe la Mpaka na Mahindi ya Zuena

Jumatatu asubuhi, mwaka wa hamsini na nane, Zuena alikuwa barazani kwake kwenye mteremko wa Ipogolo, akipepeta mchele, Bwana Afya alipofika na watu wenye mapanga. Mjini Iringa mahindi marefu yalikatazwa, eti yanaficha mbu. Zuena alichungulia nyuma ya nyumba. Jiwe la mpaka lilikuwa limeshuka usiku, likapita shamba lake na kutua chini ya mgomba. Basi mahindi yalikuwa mjini.

"Juzi lilikuwa kule juu, upande wa sokoni," alisema.

"Leo liko hapa, mama."

Walifyeka nusu, mvua ikawafukuza.

Juzi hiyo Zuena alikuwa amekwenda bomani kujiandikisha kupiga kura. Karani Jailos alimwambia nyumba yake iko nje ya mji, kura haimhusu. Jiwe lile lilitembea polepole kama kobe, na majirani walizoea kulipisha njia. Lakini Zuena alizaliwa katika mji huu, na mumewe alizikwa hapahapa. Alikuwa amechoka, amechoka hasa, kuwa mwenyeji siku ya panga na mgeni siku ya kura.

Ijumaa, siku ya mwisho ya kujiandikisha, alilifunga jiwe kwenye kanga, akajitwisha, akapanda nalo mpaka bomani.

"Kamwene, mama Zuena," alisema Jailos. "Naona umekuja na mpaka."

"Nimekuja nao. Haya, niandike."

Akalitua mezani. Jiwe likajivuta kidogo, likasimama katikati yao. Jailos alichukua rula, akaiweka ubavuni mwa jiwe.

"Mji unaishia hapa, mama. Wewe uko upande wa huko."

Zuena akazunguka meza, akasimama karibu na kiti cha karani. Jiwe nalo likazunguka, likamwacha tena upande wa nje. Watu wa foleni wakahamia upande wa pili, wasije wakapoteza kura zao.

"Jiwe limenichosha, na ninyi mmenichosha zaidi!" alisema Zuena. Jailos akamwita anayefuata.

Aliliacha palepale mezani. Alipofika kwenye daraja, jiwe lilimpita, likiteremka kwa haraka kuliko kawaida yake. Nyumbani alilikuta limeshatulia chini ya mgomba, na Bwana Afya amesimama kando ya mahindi yaliyobaki, panga mkononi.

"Karibu mjini, mama," alisema.

Zuena akashusha pumzi, akaenda kuwaondoa kuku wake njiani.