Bibi Apelekwe Juu au Chini?

Fundi redio alikuwa amechimba shimo uani hadi usawa wa kiuno, ndipo mkewe, muuza nafaka, akamuuliza ni la nini.

"La bomu la nyuklia. Likianguka, mama tunamteremsha humu."

"Na mafuriko je? Tangu tajiri ajenge ghala juu ya mtaro, maji yote yanakuja kwetu. Mvua ikinyesha mama anatakiwa apande, siyo ashuke. Au unataka azame kwa utaratibu?"

Huyo mama, ambaye mtaa mzima humwita Bibi, alikuwa na miguu isiyofanya kazi na mdomo unaofanya kazi ya watu watatu. "Amueni upesi," alisema kutoka kitandani. "Mimi si kabati la kuhamishwahamishwa."

Ya nini kubishana, na mizani ipo dukani? Muuza nafaka alipangusa sahani, mumewe akakohoa, akaitoa hofu yake ya bomu. Ilikuwa nyeusi, ya mviringo, na ya moto kama yai lililotoka kuchemshwa. Robo kilo. Alisikitika, maana alikuwa ameilea mwaka mzima kwa taarifa za habari. Ya mkewe ilitoka ikichuruzika maji, na mshale ukazunguka hadi ukagota. Mteja aliyesubiri maharage aliomba tu sahani ifutwe vizuri.

Basi mbao za kufunika shimo zikatumika kujenga uchaga karibu na paa. Wakampandisha Bibi pamoja na tochi, biskuti na madumu ya maji. "Robo kilo nayo si sifuri," alisema mume, akaongeza redio ya betri.

Mvua ilikuja wiki hiyohiyo. Maji yalijaza shimo, yakaingia ndani. Majirani walipanda kwa Bibi, wakaimba na redio hadi maji yakachoka kusikiliza, yakaondoka. Fundi redio alimkuta mama yake mkavu, akalia kwa furaha.

Kesho yake mwenye ghala alikuja kununua mchele. Muuza nafaka alimwomba kwa adabu aweke hofu yake kwenye mizani. Tajiri akakohoa sana. Mshale haukutikisika.

"Imeharibika hii," alisema.

"Nzima kabisa, kaka," alijibu, akampimia mchele wake.

Ghala likabaki palepale. Walipokuja kumteremsha Bibi, aliwafukuza kwa mto wa kulalia.

"Niacheni hukuhuku! Mvua si itarudi?"

Kweli ingerudi. Wakampandishia chai.