Vifungo Sita

Mama mkwe wangu alipotoka hospitali, mkono wake wa kulia ulikuwa umelala. Kiharusi kilimwachia miguu, kikamwachia na ulimi, tena ulimi wote. Mtaalamu wa mazoezi alituambia vidole vitaamka vikifanyishwa kazi kila siku, na kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida. Akampa mpira mdogo wa kuminya.

Mimi ni mtunza stoo. Nina stashahada ya ugavi na miaka kumi na minne ya kuhesabu maboksi, na ninaamini kisichoandikwa hakipo. Nikachora jedwali, nikalibandika juu ya kitanda chake: aminye mara thelathini asubuhi, thelathini jioni, kisha aweke tiki. Wiki mbili zikapita na tiki tano, zote nimeziweka mimi. Alisema yeye si kuku wa kuhesabiwa mayai.

Kukataa kwake hakukunichosha kama vifungo. Magauni yake yote yana vifungo sita mbele, na hakutaka kusikia habari ya gauni la kuvalia kichwani. Kila alfajiri, kabla sijanywa hata chai, nilipiga magoti mbele yake nikifunga kimoja kimoja, yeye akitazama dirishani. Mwanamke aliyelea watoto saba, leo anavalishwa na mke wa mwanawe. Alikwishaniambia siku ya kwanza kwamba haombi kingine: ajifunge vifungo vyake mwenyewe, asinione tena pale chini.

Binti yangu ana miaka kumi na moja, na ana gemu ya magari aliyopewa na mjomba wake. Mimi na gemu hiyo hatujawahi kupatana. Jumamosi moja nikifua, nilimsikia bibi akimwuliza mbona gari lake linaanguka pale pale darajani. Mtoto akamjibu kwamba ameanguka mara ishirini, ila sasa anajua kona inaanzia wapi. Bibi akasema ule ni uzembe, alete hicho kidude.

Kidude hicho hushikwa kwa mikono miwili, na gumba la kulia ndilo linalokanyaga mafuta. Gari la bibi halikufika hata darajani.

"Mke mwenzangu," mtoto akamwambia, "hata konokono amekupita."

"Nyamaza. Rudia."

Hakuna aliyemfokea wala kumpa pole. Gari lilianguka, likarudi mwanzo, basi. Nilimaliza kuanika nguo zote na bado nasikia "rudia" ikitoka sebuleni.

Wiki ya tatu gumba lilianza kujikunja lenyewe, kisha kidole cha shahada kikafuata. Siku alipovuka daraja alinipigia simu kazini, lori la mzigo likiwa mlangoni, ili tu aniambie.

Hapo ndipo nikafanya kosa la mtunza stoo. Jioni ile ile nikachora jedwali jipya: dakika arobaini kila siku, amevuka mara ngapi, tiki. Nikalibandika ukutani juu ya televisheni. Kesho yake bibi akasema kichwa kinamwuma. Keshokutwa yake ilikuwa macho. Siku ya nne kidude kikalala kwenye droo, na vidole navyo vikaanza kulala. Nilimwuliza binti yangu wamegombana nini. Alinijibu bila kuinua macho kwenye daftari lake.

"Mama, umeifanya iwe dawa."

Nikakumbuka jedwali la kuzidisha nililombandikia yeye mlangoni pa chumba chake, na jinsi anavyopita pale kama anapita kaburini. Nikabandua yote: la mlangoni, la televisheni na lile la kitandani. Kisha nikatoa kidude kwenye droo, nikakaa, nikacheza mimi.

Nilianguka. Nikaanguka tena. Bibi alinitazama kwa mateso, kama fundi anayemwona mwanagenzi akikata kitambaa kizuri ovyo. Mara ya sita uvumilivu ukamwisha.

"Lete, mwanangu. Utalibomoa hilo daraja."

Mwezi mmoja baadaye, alfajiri, nilikuta mlango wake umefungwa kwa ndani. Akaniambia nisubiri. Nikaegemea ukuta wa koridoni, chai sijanywa, saa ya kazi inakaribia. Ndani nilimsikia akisonya, akasonya tena. Halafu kwa sauti ya chini, akijiambia mwenyewe: rudia.

Alitoka baada ya dakika ishirini, jasho usoni. Vifungo vinne vilikuwa mahali pake. Cha tano kilikuwa kwenye tundu la sita, na cha sita kinaning'inia. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe.

"Acha," akasema. "Hicho cha tano ndicho daraja."

Nikaurudisha mkono, nikaenda kubandika chai. Siku nzima alikaa na gauni limepinda vile vile.