Ukingo wa Kushoto

Kwanza zilisikika ndara. Chap, chap, chap, kutoka mwisho wa korido, polepole, kama za mtu aliyetoka kuoga na hana haraka. Katibu aliinua macho kwenye kompyuta, akatazama saa ya ukutani, akasogeza kiti kimoja zaidi mezani na kutandika juu yake magazeti mawili ya zamani. Huko nje mhudumu wa usafi alichukua tambara na ndoo, akaifuata ile sauti kwa nyuma, akifuta maji kila ndara ilipokanyaga.

Ilikuwa siku ya kikao cha robo mwaka cha kufuatilia hoja za ukaguzi zilizopitiliza muda. Mke wa mkaguzi wa ndani alikuwa amefika.

Alikufa miaka mitatu iliyopita. Kwenye orodha ya mahudhurio aliandikwa miongoni mwa waalikwa, na mbele ya jina lake neno marehemu, kwa sababu mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu, hakupenda kumbukumbu zenye mapengo.

Hoja yake ilikuwa ya kumi na saba, na mkaguzi mwenyewe ndiye aliyeiandika. Alikwenda kukagua daraja jipya la waenda kwa miguu, lile la kuvukia kutoka mtaani kwao kwenda shuleni, akakuta halmashauri imelipokea likiwa na chuma cha kushikilia upande wa kulia tu. Upande wa kushoto palikuwa na matundu ya nguzo, na chini ya matundu mto. Akaandika: ukingo wa kushoto ufungwe ndani ya siku tisini. Injinia wa ujenzi akajibu kwa maandishi kwamba ameipokea hoja na anaifanyia kazi. Siku ya mia moja na nne, mke wa mkaguzi, fundi cherehani, alipita pale na furushi la sare za shule kichwani, akapishana na mtu aliyekuwa akikokota baiskeli. Sare zilipatikana zote.

Kikao kilichofuata aliingia akichuruzika maji, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akaketi karibu na mumewe. Alikaa mpaka hoja ya kumi na saba ilipopangiwa tarehe mpya, kisha akainuka na kuondoka. Tangu siku ile hakukosa kikao hata kimoja, na mwenyekiti alimtolea mfano kila alipowasema wakuu wa idara wanaotuma wawakilishi.

Mkaguzi aliihamisha hoja ile ikawa ya mwisho kwenye ajenda. Kwa zile nyingine kumi na sita aliuliza maswali marefu, akadai viambatisho, akataka aya zisomwe upya. Wakuu wa idara walisema mtu huyu ana roho ngumu, hana hata huruma ya chai. Hawakujua kwamba kila swali lilimpa dakika tatu za kukaa kando ya mkewe, bega kwa bega, shati lake likilowa upande mmoja.

Siku hiyo, wakati afisa wa afya akijieleza kuhusu choo cha zahanati, mkaguzi alitoa bahasha mfukoni. Ndani yake mlikuwa na uzi. Binti yao alikuwa na miaka kumi na moja, na kanuni hazikuruhusu watoto kikaoni. Baba yake alikuwa ameomba mara mbili kwa barua na kujibiwa mara mbili kwa barua. Kwa hiyo kila mkesha wa kikao binti alisimama ukutani bila viatu, baba akakata uzi kutoka kisiginoni hadi utosini.

Mkewe aliunyoosha uzi juu ya tepu.

"Sentimita moja na nusu," alinong'ona. "Tangu kikao kilichopita. Sketi yake je?"

"Nimemnunulia nyingine."

"Ya dukani?"

"Ya dukani."

"Za dukani hazina pindo la akiba. Akirefuka huna cha kuachia." Akauviringa uzi kidoleni, akauliza kama binti bado analala na soksi. Mkaguzi akasema bado. Akauliza kama anamtaja. Mkaguzi akasema kila siku, asubuhi zaidi. Mwenyekiti aligonga meza kwa kalamu na kuwaomba wanaozungumza pembeni wapitie kwake.

Ikasomwa hoja ya mizani ya sokoni, ile inayopunja. Kama kawaida, kila aliyekuwa ukumbini alipungua kilo moja, suruali zikalegea, wakazishikilia viunoni mpaka hoja ikaahirishwa na uzito ukarudi. Hatimaye ikabaki moja.

Injinia alisimama. Watu wa halmashauri walimwita Mchakato, kwa kuwa miaka yote hiyo kila kitu alichoulizwa kilikuwa kwenye mchakato, na mwenyewe alikuwa ameanza kuitikia. Siku hiyo hakulitumia neno lile. Alisema vyuma vimeletwa na viko uani, mchomeleaji amekwisha pima, kazi ni ya siku mbili. Kamati ikiridhia leo, Ijumaa mtu yeyote atavuka akiwa ameshika pande zote. Aliketi akatazama mikono yake kama mtu aliyejishangaza kidogo.

"Mkaguzi," mwenyekiti akasema, "umeridhika?"

Mkaguzi alikuwa ameandika barua kumi na moja za kukumbushia jambo hili. Barua ya nane ilikuwa na maneno ambayo mkurugenzi alimwita akamtaka ayapunguze, naye akakataa. Sasa alifunua jibu la injinia. Ukurasa wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili ulikuwa sawa. Mkono wa mkewe ulikuwa juu ya meza, baridi, na chini yake mbao zilikuwa zimeanza kuingia unyevu. Alihesabu vidole vyake kimoja kimoja, kisha akafunua ukurasa wa tatu.

Akasema mchoro haujaambatishwa. Bila mchoro, kamati haiwezi kujua urefu wa ukingo, na mwongozo uko wazi. Akautaja kifungu kwa kifungu. Yote aliyosema yalikuwa kweli.

"Mkuu, mchoro wenyewe ni mstari mmoja na nguzo tisa," injinia akasema. "Nipe karatasi niuchore hapa hapa."

"Uchorwe, ugongwe muhuri, upitie idarani. Utaletwa robo ijayo."

Afisa wa ardhi akasema chinichini kwamba leo Mchakato amekutana na babu yake, na wawili watatu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alimtazama mkaguzi juu ya miwani kwa muda, jinsi anavyotazamwa mwanafunzi aliyefuta jibu lililokuwa sahihi. Halafu akamwambia katibu aandike: utekelezaji unaendelea.

Katibu alichapa kwa vidole viwili. Watu walianza kukusanya karatasi zao.

"Ni wewe," mkewe akasema. Hakuwa na hasira.

"Mchoro haukuwepo."

"Baba watoto."

Mkaguzi alizipanga karatasi zake, akazipanga tena.

"Mtoto anapita pale kwenda na kurudi," mkewe akasema.

"Nimemfundisha ashike chuma. Asiachie hata akiitwa."

"Na mimi nilikuwa nimeshika chuma. Mwenye baiskeli naye alihitaji cha kushika, nikampisha." Alivuta tepu shingoni, akampima mumewe bega hadi bega, jinsi alivyozoea zamani kabla ya kumkatia shati, akatikisa kichwa kwa namba aliyoiona. "Wakiufunga sitakuja tena. Najua. Uufunge hivyo hivyo."

"Nitakuona wapi?"

Katibu, akichapa tarehe mpya ya hoja, alikuwa amefika kwenye mwaka. Alichapa tarakimu ya mwisho, akasoma tarehe kwa sauti, na mkewe akainuka, magazeti yakiwa yamemgandia kwenye gauni, akayabandua, akayakunja vizuri na kuyaacha kitini. Ndara zikaanza kuelekea mlangoni. Mhudumu wa usafi akampisha, akashika ndoo.

Mkaguzi alisimama. Wajumbe wote walikuwa bado ukumbini, na katibu, ambaye hakuwa ameifunga kumbukumbu, alimsubiri kwa vidole viwili hewani.

"Robo ijayo, mama watoto," mkaguzi akasema kwa sauti, ili asikike mpaka koridoni. "Nakuahidi mbele ya kamati nzima. Robo ijayo ninaifunga."