Wanafunzi Sabini wa Ukumbi wa Nyaramba

Jumatatu saa nane mchana Damaris Nyakerario alifika kwenye ukumbi wa jamii ulio nyuma ya soko la Nyaramba, vidole vikiwa bado vyeusi kwa utomvu wa majani chai, akakuta viti vyote vimekaliwa. Wiki iliyotangulia mafunzo ya kompyuta yalikuwa na wanafunzi kumi na mmoja. Sasa walikuwa sabini, na hamsini na tisa kati yao walikuwa wafu.

Hawakuwa watu wageni. Damaris alikuwa amewapikia wengi wao chakula cha mazishi. Walivaa suti walizozikwa nazo, wengine wakiwa bado na pamba puani, na waliketi wima kuliko walio hai.

Sababu ilijulikana. Wafadhili walikuwa wamesema hawaleti kompyuta mahali penye wanafunzi chini ya sabini. Mwenyekiti wa kamati, Ishmael Omwenga, hajawahi kukosa mazishi, hata ya mtu aliyemchukia, mradi apewe kipaza sauti. Chini ya kiti cha gari lake mlikuwa na rundo la programu za mazishi, kila moja ikiwa na jina kamili la marehemu, picha na tarehe ya kuzaliwa. Alinakili majina na tarehe hiyo katika rejista ya mafunzo, ile nyingine akairuka. Alisahau kwamba watu wa huku Nyamira, hata wakiwa chini ya migomba yao, wakisikia jina lao limeingia katika rejista ya shule hawalali tena. Wakaja.

Kiti cha Damaris kilikuwa kimekaliwa na baba yake, mzee Haron Ratemo, aliyefariki miaka minne iliyopita.

"Tata, hiyo kiti ni yangu."

"Kaa hapo kando. Jina langu liko kwa rejista."

"Langu pia liko."

"Basi tusome."

Mzee huyo ndiye aliyemtoa Damaris shuleni akiwa kidato cha pili, akauza ng'ombe ili kaka yake Mose aendelee. Alisema msichana ni wa kwenda kuolewa. Mose naye hakufika popote. Damaris alikuwa amemlilia baba yake kama inavyopasa, lakini jambo hilo hakulizika pamoja naye, na lilimuuma hata sasa alipovuta kigoda.

Mwalimu Sylvanus, kijana mwenye digrii na viatu vilivyochoka, aliita majina. Wafu waliitika kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akaeleza kwamba hapa hakuna picha za kubofya. Kuna dirisha jeusi tu, nawe unaiandikia kompyuta amri. Ukiandika ls inakuonyesha kilichomo. Ukiandika grep inakutafutia neno. Ukizipanga amri zako katika faili moja, hiyo ni skripti, itafanya kazi hiyo kila utakapotaka. Damaris aliipenda mashine hiyo. Hajawahi kuona kitu kinachofanya alichosema yeye, bila kwanza kumuuliza mumewe yuko wapi.

Wafu walielewa yote. Tatizo lao lilikuwa vidole: havikuwa na uzito, na vitufe havikuzama. Kila aliye hai akapewa wafu watano au sita wa kuwaandikia. Damaris alimwandikia baba yake na jirani zake wanne.

"Bonyeza," mzee alikuwa akisema. "Si hiyo. Hiyo nyingine."

Jumamosi hapakuwa na darasa, kwa kuwa Wasabato, walio hai na waliokufa, wasingekuja.

Mwanafunzi bora angepewa kazi moja tu iliyokuwapo, ya karani wa data katika kituo cha habari ambacho kamati ilikuwa ikijenga. Damaris aliitaka kazi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Bintiye Abigael alikuwa kidato cha pili, na wazee wa boma la mumewe walikwisha kusema kwamba msichana amesoma vya kutosha na majani chai hayajichumi. Alihitaji mshahara wake mwenyewe ili awafunge midomo.

Mtihani ulikuwa kuandika skripti yenye faida kwa wakazi wa wadi. Damaris aliomba orodha za mazishi kutoka kwa makarani wa makanisa, akaandika skripti iliyozilinganisha na rejista ya mafunzo. Siku ya mtihani aliiendesha mbele ya wageni wa wafadhili. Majina hamsini na tisa yakateremka kwenye skrini, kila moja na tarehe yake ya kuzikwa.

Mgeni mkuu, mwanamke aliyeitwa Valentine, aliyasoma yote. Akawatazama wazee wenye pamba puani, akaandika kitu.

"Hongereni sana," alisema. "Miradi mingi huwa inasahau kundi hili."

"Hapa hatuachi mtu nyuma," mwenyekiti alijibu, na watu wakapiga makofi.

Mshindi alikuwa mzee Haron. Skripti yake ilifanana na ya bintiye neno kwa neno, maana bintiye ndiye aliyemwandikia, lakini yeye hakukosa darasa hata moja, na Damaris alikuwa amekosa mara mbili siku za kuchuma. Mwenyekiti alieleza kwamba marehemu haugui, hana mimba wala hana mtu wa kwenda kumzika. Mshahara wake ungepitia kwa mwenyekiti, kwa vile marehemu hana simu.

Damaris alirudi kwenye kompyuta, akaandika amri ya kuyaondoa majina yote hamsini na tisa katika rejista. Hasira ilimfanya asikosee hata herufi moja.

"Unatufuta?" baba yake aliuliza.

"Ndiyo, Tata."

"Haya. Bonyeza."

Alibonyeza. Mashine ikajibu kwamba hana ruhusa. Mwalimu Sylvanus akaja kuangalia. Alisema rejista ni faili ya mwenyekiti, na kwamba wengine wote wamewekewa uwezo wa kuisoma tu.

"Ndivyo zinavyopangwa faili," alisema, kisha akaenda kukunja nyaya.

Kituo kilifunguliwa wiki iliyofuata. Mzee Haron alikaa kwenye meza mpya, suti yake imepigwa pasi na Damaris, na vitufe havikuzama. Kwa hiyo kila siku saa nane, akitoka kuchuma, Damaris alikuja kumbonyezea. Askari wa mlangoni alimwandika kuwa mgeni, sababu ya kufika: kumsalimia baba. Kazi alifanya yeye, na kazi ilikuwa nzuri. Ofisi ya wadi iliisifu kwa barua iliyoandikwa jina la marehemu.

Muhula mpya ulipoanza Abigael alibaki nyumbani. Mwezi wa pili faili ziliongezeka, na mzee akasema meza hiyo inahitaji mikono minne.

"Mlete huyo mjukuu," alisema kwa upole, kama mtu anayegawa zawadi. "Si yuko tu?"

Damaris alitamani mzee afe.

Jumatatu Abigael alikuja, akiwa bado amevaa sketi ya shule. Aliamkia vizuri, akavuta kiti, akauliza abonyeze wapi. Babu akamwonyesha.