Damu Isiyoshuka

Jumanne ile, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Kuwabara Ineko alikuwa ameshapanga mirija ya kioo kwenye kishikio cha mbao, sindano ameshachemsha, na sasa alikuwa akiitafuta kalamu aliyoichomeka mwenyewe sikioni. Mgonjwa wa kwanza aliingia, akainamisha kichwa kwa heshima, akaketi, akakunja mkono wa nguo. Alikuwa Mzee Oguma, aliyepeperusha bendera kwenye stesheni ya treni kwa miaka thelathini kabla kifua hakijamlaza. Alikuwa amefariki Ijumaa.

"Mkono upi leo?" akauliza.

"Wa kushoto. Wa kulia niliutoboa juma lililopita."

"Juma lililopita nilikuwa hai, binti. Sasa hauumi. Toboa unakotaka."

Damu ilitoka kwa ajizi, baridi kama maji ya kisima, lakini ilitoka. Ineko akaivuta ndani ya mrija, akausimamisha, akatazama saa ya ukutani. Kipimo chenyewe hakina ugumu. Damu huachwa imesimama saa nzima, kisha hupimwa chembe nyekundu zimeshuka umbali gani. Za mwenye kifua kikuu huzama upesi kama changarawe. Za mtu mzima wa afya huteremka kidogo tu. Za Mzee Oguma hazikushuka kabisa. Saa ilipotimia Ineko aliandika sifuri, akaifuta, akautazama mrija kwa karibu, akaandika sifuri tena.

"Mzee, hakuna aliyekuambia usije?"

"Nani aniambie? Profesa alisema kila Jumanne mpaka atakaponiruhusu. Hajaniruhusu." Mzee Oguma alishusha mkono wa nguo yake. "Mtu wa reli haondoki zamu bila kupokewa."

Ulikuwa mwaka wa saba tangu vita viishe, na katika Hospitali ya Mizunuma kifua kikuu kilijaza wodi mbili nzima na nusu ya ghala la mkaa. Dawa ya Kimarekani ilikuwapo, lakini ilifika kidogokidogo, na orodha ya kuingojea ilikuwa ndefu kuliko maisha ya wengi walioandikwa humo. Kwa hiyo Profesa Tsukishima alikuwa akijaribu dawa yake mwenyewe. Ilitokana na kuvu iliyookotwa kwenye mti uliooza nyuma ya jikoni, na iliitwa Namba Kumi na Saba, kwa kuwa kumi na sita za kwanza zilikuwa zimeua panya wote. Wagonjwa waliambiwa ni sindano ya nguvu. Profesa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, aliwainamia hata wafagiaji, na alikuwa amezika kaka zake wawili waliokohoa mpaka wakaisha. Haraka yake ilitoka huko.

Jumanne iliyofuata Mzee Oguma alikuja pamoja na Bi Tokiwa, muuza tofu ya soya, aliyefariki Jumapili. Kufikia mwisho wa mwezi wa sita walikuwa tisa. Walikaa kwenye benchi la ukumbini wamechanganyika na walio hai, wakizungumza habari za mvua. Wagonjwa walio hai waliwapenda kwa sababu walikuwa hawakohoi. Muuguzi mkuu, Hirose, aliwalalamikia jambo moja tu: waliacha mlango wazi nyuma yao.

Ineko ndiye ambaye hakutulia. Kabla hawajafa, katika damu ya kila mmoja wao, aliyaona yale maji yanayobaki juu ya chembe yakigeuka rangi, kwanza kama chai hafifu, halafu njano kama figili zilizochachushwa. Macho yao nayo yalifuata. Halikuwa pafu lililowaua, lilikuwa ini. Alianza kuosha mirija mara mbili, kisha mara tatu. Alikuwa akiinuka katikati ya chakula, anatembea mpaka mwisho wa ukumbi, anasahau alichofuata, anarudi. Siku moja alichukua wino mwekundu, akaandika mbele ya majina tisa neno moja: amefariki. Akampelekea Profesa daftari.

Profesa alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Bi Kuwabara, huyu Oguma alikuja juzi?"

"Alikuja, Profesa."

"Alitoa damu?"

"Alitoa."

"Maiti haitoi damu." Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayemsahihishia mtoto hesabu. "Andika ulichokipima. Tukianza kuandika tunachokisikia, hii haitakuwa sayansi tena."

"Na ile njano, Profesa? Ini lao..."

"Wanaume wa huku wanakunywa mno."

"Bi Tokiwa hakuwahi kuonja pombe maishani."

"Basi labda alikula vibaya wakati wa vita. Sote tulikula vibaya." Akamrudishia daftari kwa mikono miwili, akainama. "Sifuri tisa, Bi Kuwabara. Miaka ishirini nimepima damu, sijapata kuona sifuri hata moja."

Ineko aliandika barua wizarani. Baada ya majuma matatu ilirudi, na maelezo kwamba barua ya namna hiyo sharti ipitie kwa mkuu wa idara na ipigwe muhuri wake. Mkuu wa idara alikuwa Profesa Tsukishima.

Mwezi wa saba dada yake akaanza kutema damu.

Fumi alimzidi Ineko miaka tisa na ndiye aliyemlea. Alikuwa mshonaji, mwembamba, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Wote wawili walikuwa wajane wa vita vile vile, na waliishi katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mchuzi wa soya. Profesa, kwa kumheshimu Ineko, alimpa Fumi kitanda kizuri kuliko vyote wodini, cha dirishani, akamweka kwenye kundi la pili la Namba Kumi na Saba. Sindano zingeanza Jumatatu.

"Usikubali," Ineko alimwambia. "Dada, nakusihi. Sema hutaki, nikupeleke nyumbani, tungoje dawa ya Kimarekani."

"Tungoje na nani? Mimi na jeneza?" Fumi alikuwa amekaa kitandani akirekebisha vishikizo vya gauni la hospitali, kwa sababu vilishonwa ovyo. "Profesa mzima ameniinamia, Ineko. Mimi! Aliniuliza kama napata usingizi. Wewe tangu utotoni ukiona paka unasema chui."

"Watu tisa wamekufa."

"Watu wanakufa kwa kifua kikuu, mdogo wangu. Ndiyo kazi yake."

Ineko alitoka, akazunguka jengo mara nne, akarudi, akakuta Fumi bado anashona. Jumamosi alimpelekea salamu Mzee Oguma, kupitia kwa mjane wake, amwombe afike wodini saa nane mchana, saa ya kuona wagonjwa. Mjane alisema atamwambia, mume wake hupita kila asubuhi kukagua saa ya ukutani.

Mzee Oguma alifika saa nane kamili. Alisimama miguuni pa kitanda, akainama.

"Nisamehe nimekuja mikono mitupu. Siku hizi mifuko yangu haishiki kitu. Mimi nilikuwa kitanda cha nne, pale." Alionyesha. "Nilichomwa sindano kumi na tisa. Baada ya ya sita macho yakageuka njano, nikadhani ni jua la magharibi linaniingia. Baada ya ya kumi nikawashwa mwili mzima hata nikajikuna kwa kijiti. Ya kumi na nane nilimwuliza mke wangu yeye ni mama wa nani."

Fumi aliacha kushona. "Na kikohozi?"

"Ah, kikohozi kimekoma kabisa." Mzee Oguma alifikiri kidogo, maana hakutaka kusema uongo. "Ila, Bi Fumi, hata kiu imekoma."

Fumi alinyoosha mkono, akamshika kiganja, akakaa nacho kama anayepima kitambaa. Kisha akakiachia, akaukata uzi kwa meno.

"Ineko," akasema, "nipe viatu vyangu."

Profesa hakukasirika. Alisema ni haki ya mgonjwa, akaandika mwenyewe jina la Fumi kwenye orodha ya dawa ya Kimarekani. Dada hao wawili waliteremka kilima polepole wakipumzika kila mahali palipokuwa na jiwe la kukalia, na kwa mara ya kwanza tangu mvua za mwezi wa sita Ineko alihisi moyo wake umekaa.

Ulikaa siku moja. Jumatatu asubuhi alikuta kitanda cha dirishani kina mtu.

Aliitwa Nagamine Masuko, miaka ishirini na sita, kutoka kiwanda cha nyuzi. Uso wake ulikuwa wa mviringo, na alicheka kwa kuziba mdomo. Sindano yake ya kwanza ilikuwa saa nne. Ineko aliketi kando yake saa tatu na nusu na kumweleza yote: kuvu, panya, ini, watu tisa wa Jumanne. Hakumficha kitu. Masuko alisikiliza mpaka mwisho huku akimalizia yai lake la kuchemsha, akilila kwa vipande vidogo ili lichelewe kuisha.

"Nimewaona," akasema. "Wale wasiokohoa. Nilidhani wamepona."

"Hawakupona. Sema hutaki. Sema leo, sasa hivi."

"Halafu?"

"Halafu utaondoka."

"Kwenda wapi, dada? Bwenini siku niliyotema damu walinitupia godoro nje, wakamwaga chokaa nilipolala. Nyumbani kwetu kuna wadogo zangu watatu na chumba kimoja. Hapa napewa wali mweupe mara tatu kwa siku." Alikunja ganda la yai ndani ya karatasi, vizuri. "Nikikataa, utanichukua kwako?"

Kwa Ineko kulikuwa na vyumba viwili, na katika kimoja Fumi alikuwa akikohoa. Ineko alikumbuka jinsi walivyotenganisha vikombe, jinsi alivyobandika karatasi kwenye nyufa za mlango wa kati.

"Unaona," Masuko akasema bila uchungu, akaziba mdomo akacheka. "Usijali. Walau wewe umeniambia. Nipe mkono wako niinuke, naogopa kumchelewesha daktari."

Jumanne hiyo Ineko alipima damu ya Masuko mara ya kwanza. Ilishuka kama changarawe. Baada ya majuma matano yale maji ya juu yakaanza kupata rangi ya chai.

Mwezi wa kumi Profesa Tsukishima alisafiri kwenda mji mkuu kwenye mkutano wa madaktari. Alitundika mchoro wake ukutani, akaeleza kwamba wagonjwa kumi na wanne walikuwa wamefikia hali ambayo haijapata kuandikwa popote, damu isiyoshuka kabisa. Daktari mmoja mzee kutoka kusini alisimama akauliza kama hali hiyo hudumu. Profesa alimjibu kwa unyoofu kwamba hudumu. Tangu ianze hakuna hata mmoja aliyerudi nyuma. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Hospitali nyingine tatu ziliomba zipelekewe Namba Kumi na Saba, na nyuma ya jikoni pakajengwa banda la kuoteshea kuvu.

Masuko alifariki mwezi wa kumi na moja, siku ya theluji ya kwanza. Jumanne alikuwa benchini, wa tatu kwenye foleni. Ineko alimfunga mpira mkononi, akashindwa kuupata mshipa mara mbili, yeye ambaye hakuwa akikosea.

"Taratibu, dada," Masuko alimwambia. "Mimi sina haraka tena."

Dawa ya Kimarekani ilimfikia Fumi mwezi wa kwanza. Kufikia majira ya kuchanua maua alikuwa amenona mashavu na anagombana na wateja kama zamani. Ineko ndiye aliyekuwa amepungua. Aliondoka nyumbani bila kufunga mlango, alivaa soksi zisizofanana, na Jumanne moja alisahau chakula chake mezani. Fumi alikifunga kwenye kitambaa akapanda kilima nacho, bila kupumzika kwenye jiwe lolote.

Ukumbini mabenchi yalikuwa mawili sasa, na yote yamejaa. Mwanamke mwenye uso wa mviringo alisogea kumpa nafasi.

"Wewe ni dada yake Bi Ineko," akasema. "Mnafanana pua. Mimi nilikipata kitanda chako."

Fumi alikiweka chakula mapajani, akakishika kwa mikono yote miwili. "Cha dirishani."

"Hicho hicho."

"Kilikuwa kinapitisha baridi ubavuni," Fumi akasema.

"Kidogo. Niliziba kwa gazeti."

"Sikufikiria gazeti."

"Wewe hukukaa sana."

Fumi alikuwa mshonaji, na macho ya mshonaji hayajui kutulia mahali palipokosewa. Vazi la Masuko lilikuwa limekunjwa kifuani upande wa kulia juu ya wa kushoto, kama anavyovishwa mtu anayekwenda kuzikwa. Fumi aliweka chakula sakafuni, akageuka, akaulegeza mshipi wa yule mwanamke. Alizikunjua pande zote mbili, akaleta wa kushoto juu, akaunyoosha kwa kiganja kutoka begani mpaka kiunoni, akafunga mshipi tena. Masuko alimwacha amalize.

"Ahsante," akasema. "Umenifunga vizuri."

Ndani, Ineko aliita jina. Masuko aliinuka, akamwinamia Fumi, akatembea hadi mlangoni. Hapo alisimama kidogo, akaulegeza mshipi, akalirudisha pindo la kulia juu ya la kushoto, akalibana vizuri. Kisha akaingia, mlango akauacha wazi.