Aliyesema Wavu Utolewe

Tangu asubuhi Mama Boksi alikuwa akirudia maneno yale yale moyoni, kama mtoto aliyetumwa dukani: mimi ni dada wa wenye kampuni, huwa nakuja kusaidia tu. Wakili wa kampuni ndiye aliyemfundisha. Alimtaka ayaseme bila kusita, asiongeze neno, kisha anyamaze.

Na yalikuwa ya kweli, ukitaka kuwa mbishi. Baba yao alipofariki, walioandikwa kwa msajili wa makampuni kuwa wakurugenzi wa kiwanda cha maboksi ni kaka zake wawili. Wa pili akahamia ng'ambo. Mkubwa alikuwa na shughuli zake nyingine, na kiwanda alikijua kama mtu anavyowajua ndugu wa kukutana nao misibani. Aliyebaki kuajiri na kufukuza, kupanga bei, kugombana na wauza karatasi na kuamua mashine ipi iwashwe ni yeye, binti. Kila alipoomba naye aandikwe, kaka mkubwa alimzungusha. "Tutalishughulikia, mdogo wangu. Kwani nani asiyejua kwamba pale ni kwako?"

Sasa ghafla hakuna aliyejua. Fundi wa mashine ya kukatia alikuwa amepoteza vidole vya mkono wa kulia, na anadai fidia. Siku ya ajali oda ilikuwa imechelewa, na Mama Boksi alisema wavu wa kinga ulio mbele ya kisu utolewe, maana ulikuwa unawachelewesha kuchomoa mabaki ya karatasi. Alisema kwa kinywa chake, mbele za watu. Wakili aliliona jambo hilo jepesi sana. Kama aliyetoa amri si mkurugenzi wala mwajiriwa, basi kampuni haikuamuru kitu, na fundi aliutoa wavu kwa kumsikiliza mpita njia. Apambane na hali yake. Lakini Mama Boksi akikiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiiendesha kampuni, kampuni italipa, na yeye mwenyewe huenda akasimama mahakamani.

Ndiyo maana alipoingia kiwandani siku hiyo ya ukaguzi hakwenda kukaa kwenye meza yake. Alisimama ukutani, karibu na mabunda ya karatasi, mkoba mkononi, kama mgeni. Juu ya bunda mojawapo alikuwa ameketi fundi, mkono umefungwa bandeji nyeupe.

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

Mama Boksi hakuitoa marahaba. Wakili alikuwa anamtazama, naye akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Mkaguzi wa serikali alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache. Aliizunguka mashine ya kukatia polepole, mikono nyuma. Wavu ulikuwa umerudishwa mahali pake. Kaka mkubwa, aliyekuwa akimfuata nyuma, alisema kila kitu kiko sawa, akatabasamu kwa meno yote. Mama Boksi aliutazama ule wavu mara moja tu, akaona. Haukufungwa kwa bolti. Ulikuwa umeshikizwa kwa waya mwembamba wa kufungia mabunda, kazi ya mtu aliyetaka picha nzuri tu.

"Naomba niione ikifanya kazi," alisema mkaguzi.

"Washa," kaka akamwambia msichana aliyehamishiwa pale kutoka kwenye mashine ya gundi.

Msichana hakusogea. Alimtazama Mama Boksi kwa juu ya bega la kaka.

"Nimesema washa."

Bado msichana alikuwa anamtazama yeye. Na wengine pia, wale wa gundi, wale wa kuchapa, dereva wa kigari cha kubebea mizigo, wote wamemgeukia. Wakili akakohoa. Mama Boksi alijua wanachongoja. Neno moja tu lingetosha, lakini neno hilo ndilo aliloambiwa asilitoe. Akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake.

Msichana akadhani ameitikia. Akabonyeza.

Mashine ikaanza kunguruma, kisu kikapanda na kushuka, maboksi ya kwanza yakatoka safi. Kaka akamgeukia mkaguzi kuona kama amefurahi. Hapo waya ukakatika. Wavu ukaning'inia upande mmoja, boksi likakwama chini ya kisu, na msichana, bila hata kufikiri, akapeleka mkono kulichomoa. Ndivyo alivyofundishwa. Na aliyemfundisha alikuwa amesimama ukutani na mkoba.

"Zima!"

Msichana akazima. Mashine ya kuchapa nayo ikanyamaza. Ya gundi ikanyamaza. Kigari kikasimama na mzigo wake hewani, na huko nje mlinzi aliyekuwa anafungua geti akaliacha nusu.

Mkaguzi aliangalia mashine moja moja, kisha akamgeukia mwanamke wa ukutani.

"Wewe ni nani hapa?"

"Huyu ni dada wa wakurugenzi," wakili aliwahi, "huwa anakuja..."

"Nimemuuliza yeye."

Mama Boksi aliogopa, hilo tusifiche. Aliona kiwanda cha baba yake kimefungwa, akajiona kizimbani. Maneno aliyofundishwa yalikuwa pale pale ulimini, tayari. Lakini msichana alikuwa ameshikilia mkono wake kifuani, anavikunja na kuvikunjua vidole kama anayehakikisha vipo.

"Mimi ndiye niliyesema wavu utolewe," alisema. "Siku ya ajali. Huyu fundi alikataa. Nikamwambia kama anaogopa, aende nyumbani, wako wengi wanaotaka kazi."

"Hana cheo chochote huyu," kaka alisema, sauti imepanda. "Nenda kwa msajili ukaangalie."

"Nimeshaangalia. Kule wameniambia nani aliandikwa. Nimekuja kuona nani anaendesha." Mkaguzi hakupandisha sauti. "Mlimwacha aendeshe, mkala faida. Basi alilosema yeye, limesemwa na kampuni." Kisha akamgeukia Mama Boksi. "Nikuandike cheo gani?"

Miaka yote alikuwa amelitamani swali hilo. Alikuwa amejiandalia hata namna ya kulijibu, kwa kiburi kidogo. Sasa aliutazama mkono wa fundi.

"Andika mkurugenzi," alisema fundi kutoka kwenye bunda. Hakuwa anamsifu. "Sisi ndivyo tulivyomjua. Ningemkatalia mwingine."

Mkaguzi akaandika. Kaka akapiga makofi kama anafukuza kuku, akasema haya, kazi iendelee. Hakuna aliyetia mguu mbele. Wote walikuwa wanamtazama Mama Boksi, na safari hii hakuinama.

"Hakuna kuwasha," alisema. "Mpaka wavu ufungwe kwa bolti."

Akauweka mkoba chini, akaenda kuketi kwenye bunda, kando ya fundi. Wakili na kaka walikuwa wakinong'onezana mlangoni.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Fundi aliendelea kuutazama wavu uliokuwa unaning'inia.